Saa 24 ni za jua: kwa nini nyota za Zinga zinawahi kila siku

Swali hili kila mmoja wetu alishalijibu sekondari: dunia huchukua muda gani kujizungusha mara moja kwenye mhimili wake? Jibu lililotupa alama ni saa 24. Nenda leo kwenye kimbweta chochote ukaulize, iwe kwa watu wa sheria, wa uhasibu au sisi wa ualimu, utapewa hilohilo kabla hujamaliza kuuliza.

Ukweli ni kwamba dunia hujizungusha mara moja kamili kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Saa 24 ni kipimo cha kitu kingine: muda unaopita, kwa wastani, tangu jua lifike juu kabisa leo mchana mpaka lifike tena juu kabisa kesho. Tumezoea kuvichukua vitu hivi viwili kama kimoja. Si kimoja. Tofauti yake ni dakika nne kasoro sekunde nne, na tofauti hiyo ndogo inaendesha mambo mengi kuliko tunavyodhani, pamoja na king'amuzi kilichoko nyumbani kwenu.

Naandika haya kwa sababu wengi wetu tunaosoma ualimu muda si mrefu tutasimama darasani na chaki mkononi, na swali hili huulizwa. Mimi nililikuta Zinga, wilaya ya Bagamoyo, nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Ukitoka Dar kwa barabara ya Bagamoyo, ukapita Bunju, Mapinga na Kerege, unafika Zinga. Bahari iko mashariki, na wapo wanaoishi kwa kilimo, wapo wanaoishi kwa uvuvi, na wapo wanaofanya vyote viwili. Siku hiyo tulikuwa tunaijadili ile sentensi ya kitabu kuhusu saa 24. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Ticha, kama dunia inamaliza kwa saa 24 kamili, basi nyota zingerudi palepale saa ileile kila usiku. Mbona babu anasema zinawahi?"

Angalia alichofanya huyo kijana. Kachukua sentensi ya kitabu, kaona kwamba kama ni kweli lazima kuna jambo lifuate, halafu kalilinganisha jambo hilo na kitu ambacho watu wa kwao wanakiona kwa macho. Sisi hapa chuoni tunasoma kozi nzima za mbinu za kufundisha ili tuwafikishe wanafunzi hapo. Yeye kafika mwenyewe. Sasa mwalimu ana njia mbili. Ya kwanza ni kumwambia aandike saa 24 asijichanganye, mtihani unakuja. Ya pili ni kupima pamoja naye. Tulichagua kupima, na hapa chini naeleza tulichokiona na sababu zake.

Saa tatu za pwani

Watu wa pwani wanatumia saa tatu, na zote tatu zinahesabu kuzunguka kwa dunia hiihii moja.

Ya kwanza ni jua. Hiyo ndiyo saa ya Kiswahili yenyewe. Jua likishachomoza tunaanza kuhesabu: saa moja asubuhi, saa mbili, mpaka saa sita mchana. Kutoka mchana wa leo hadi mchana wa kesho ni saa 24.

Ya pili ni maji. Kila anayevua, na kila mama anayekwenda pwani kutafuta pweza, anajua kwamba bahari haijai na kupwa saa ileile kila siku. Maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi, na keshokutwa karibu saa tano na dakika 40. Kwa wastani yanachelewa dakika 50 kila siku. Kinachoyavuta zaidi ni mwezi, na mwezi nao hufika juu ukiwa umechelewa kiasi hicho. Kwa hiyo siku ya mwezi ina saa 24 na dakika 50.

Ya tatu ni nyota, na hapo mambo yanageuka. Nyota hazichelewi, zinawahi. Chukua zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, zinazong'aa karibu sawa, ambazo wanafalaki huziita mkanda wa Orion. Kwa Zinga zinachomoza upande wa baharini, karibu mashariki kabisa. Tarehe 1 Oktoba zinachomoza takriban saa tano na robo usiku. Tarehe 1 Novemba ni saa tatu na robo usiku. Tarehe 1 Desemba ni saa moja na robo, watu ndio kwanza wanapakua chakula cha jioni. Kila mwezi zinawahi saa mbili. Saa mbili ni dakika 120. Ukizigawa kwa siku 30 unapata dakika nne kwa siku.

Wakulima wanaijua hesabu hii bila kuiandika. Kile kikundi kidogo cha nyota kinachoitwa kilimia, ambacho jina lake linatokana na kulima, kufikia mwishoni mwa Novemba unakikuta mashariki giza likiingia tu, wakati wa mvua za vuli. Mwezi Mei hukioni, kimezama kwenye mwanga wa jua, na masika yanaelekea kuisha. Juni kinarudi, safari hii alfajiri. Ndiyo maana wazee walikitumia kujua majira ya mvua na ya kiangazi.

Sasa fikiri kidogo. Kama nyota zingerudi kila baada ya saa 24 kamili, anga ya saa mbili usiku ingekuwa ileile Januari hadi Desemba. Kilimia kisingekuwa na habari yoyote ya kumpa mkulima. Kalenda nzima ya nyota, ya kulima na ya kusafiri baharini, inasimama juu ya zile dakika nne.

Tukaziandika ubaoni kwa mpangilio. Nyota: saa 23 na dakika 56. Jua: saa 24. Mwezi: saa 24 na dakika 50. Dunia ni moja, kasi yake ni moja, majibu ni matatu. Kwa nini?

Mnazi mmoja unatosha

Kuhesabu mzunguko kunahitaji alama. Ukikimbia kuzunguka uwanja wa mpira, unasema umemaliza raundi pale unapoifikia tena bendera uliyoanzia. Bendera ikiwa imechomekwa ardhini, raundi yako ni raundi kamili. Lakini mtu akiing'oa ile bendera na kutembea nayo kuelekea upande uleule unaokimbilia, ukirudi pale pa mwanzo hutaikuta. Itabidi ukimbie kidogo zaidi ndipo uifikie. Akitembea polepole utaongeza hatua chache, akitembea kwa haraka utaongeza nyingi.

Nyota ni bendera iliyochomekwa. Ziko mbali mno kiasi kwamba safari yetu ya mwaka mzima kulizunguka jua haizihamishi kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa hiyo ukiwa Zinga ukaiona nyota juu ya kichwa leo, kisha ukaiona tena palepale kesho, dunia imegeuka mara moja, basi. Hizo ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4.

Jua ni bendera inayotembea polepole. Dunia inapoendelea na safari yake ya mwaka, sisi tunaliona jua kama linahama mbele ya nyota kuelekea mashariki. Linamaliza mzunguko wa digrii 360 kwa siku 365 na robo, yaani karibu digrii moja kwa siku. Dunia ikishajizungusha mara moja kamili, jua limeshasogea hiyo digrii moja, kwa hiyo inabidi igeuke kidogo zaidi kulifikia. Dunia hugeuka digrii 15 kwa saa, maana yake digrii moja inachukua dakika nne. Ndizo hizo.

Mwezi ni bendera inayotembea haraka. Wenyewe unaizunguka dunia kwa siku 27 na theluthi hivi, kwa hiyo mbele ya nyota unasogea digrii 13 kila siku. Digrii 13 mara dakika nne ni dakika 52. Na kwa kuwa wakati dunia inaukimbiza mwezi nao unazidi kusogea, zinafika kama 54. Ongeza kwenye ile siku ya nyota unapata saa 24 na dakika 50, kile ambacho mvuvi anakijua kwa kuangalia maji tu.

Wapo ambao hesabu haziwaingii, na si kosa lao. Kwao kuna mnazi. Tulitoka nje, mwanafunzi mmoja akaushika mnazi akawa jua. Mwingine akawa dunia: akauzunguka mnazi mara moja, polepole, uso wake ukiwa unautazama mnazi muda wote. Wengine wakasimama mbali pande zote wakawa nyota. Alipomaliza tukamuuliza aliyeshika mnazi, "Mwenzako kageuka mara ngapi?" Akasema hajageuka hata mara moja, uso wake ameuona mwanzo hadi mwisho. Tukawauliza nyota. Wakasema kageuka mara moja, kwa sababu kila mmoja alimwona akielekeza uso upande wake mara moja na mgongo mara moja.

Hapo ndipo siri ilipo. Kule kuzunguka tu kunaleta mgeuko mmoja ambao jua haliuoni ila nyota zinauona. Kwa mwaka mmoja jua linachomoza mara 365 na robo, lakini dunia imejizungusha mara 366 na robo. Kuna mmoja wa ziada. Chukua saa 24 ambazo ni dakika 1,440, gawanya kwa 366.25, unapata dakika 3 na sekunde 56. Wale walioogopa hesabu walikuwa wa kwanza kutoa simu zao kuhakiki.

Jua lenyewe halishiki saa

Mpaka hapa nimekuwa makini kusema saa 24 ni wastani. Kuna ushahidi wa wazi kwamba ni wastani, nao umebandikwa ukutani kwenye misikiti mingi ya pwani hii: ratiba ya nyakati za swala.

Wakati wa adhuhuri unaingia jua likishapinduka, yaani likishapita sehemu yake ya juu kabisa na kivuli kuanza kurefuka. Kwa Zinga, jambo hilo halitokei saa sita kamili za simu yako. Saa za Tanzania zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu, wala haugusi ardhi yetu. Zinga iko karibu na digrii 39. Tofauti ya digrii sita mara dakika nne ni dakika 24, hivyo jua la Zinga linafika juu kabisa saa 6 na dakika 24 mchana, kwa wastani.

Lakini soma ratiba ya mwaka mzima uone. Mwanzoni mwa Novemba jua linafika juu kama saa 6 na dakika 8. Karibu na tarehe 11 Februari ni saa 6 na dakika 38. Ndani ya miezi mitatu na kitu limejichelewesha nusu saa, halafu baadaye linajirudisha. Kuna siku mwishoni mwa Desemba ambazo kutoka mchana hadi mchana ni saa 24 na sekunde 30. Kuna nyingine katikati ya Septemba ambazo zinapungua saa 24 kwa sekunde 20 hivi. Sekunde hizi zikijumlishwa siku hata siku ndizo zinazofanya ile nusu saa.

Sababu ni mbili. Kwanza, njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko umbali wa kilomita milioni 147 kutoka kwenye jua na dunia inakwenda haraka zaidi. Mwanzoni mwa Julai tuko kilomita milioni 152 na inakwenda polepole. Bendera ile inayotembea, kumbe haitembei kwa mwendo mmoja. Pili, mhimili wa dunia umeinama digrii 23 na nusu hivi, kwa hiyo kusogea kwa jua mbele ya nyota hakuelekei mashariki moja kwa moja mwaka mzima. Kuna miezi linapanda kaskazini au kushuka kusini kwa mshazari, na sehemu ya safari yake inapotelea huko.

Karibu na Zinga, pale Kaole, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13. Watu waliokuwa wakiswali pale hawakuwa na simu wala redio. Walitazama kivuli, na kivuli kiliwapa jua halisi la siku hiyo. Saa zetu za leo ndizo zinazotumia jua la wastani, jua la kwenye makaratasi ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona.

Nyota hazina tabia hiyo ya kuchelewa na kujirudisha. Zaidi ya hapo, nyota huchomoza mahali palepale mwaka mzima. Kinachobadilika ni saa tu. Jua linahama: Juni unaliona likichomoza kaskazini ya mashariki, Desemba kusini ya mashariki. Ndiyo maana mabaharia wa Bahari ya Hindi walizipa pande 32 za dira majina ya nyota, kufuata mahali zinapochomoza na kuzama. Ahmad ibn Majid, baharia Mwarabu wa karne ya 15, aliandika kwa kirefu kuhusu elimu hiyo, na pwani yetu ni miongoni mwa pwani alizoziandikia.

Dishi lisilogeuka

Hapa huwa kuna mtu anasema: sawa, lakini dakika nne zinanihusu nini?

Tazama mapaa ya nyumba. Dishi la king'amuzi limefungwa kwa bolti, linaelekea upande mmoja, mwaka mzima halijageuzwa. Linapokea picha kutoka kwenye setilaiti iliyoko karibu kilomita 35,786 juu ya ikweta. Setilaiti hiyo haijasimama. Inaizunguka dunia kwa kasi kubwa, ila kwa muda uleule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo sisi wa chini tunaiona kama imegandishwa angani.

Sasa swali la mtihani: inaizunguka dunia kwa muda gani? Anayejibu saa 24 ataishiwa picha. Setilaiti inayotumia saa 24 kamili ingekuwa nyuma ya dunia kwa dakika nne kila siku, na kwa macho yetu ingesogea magharibi karibu digrii moja kwa siku. Baada ya siku chache tu dishi lingekuwa linatazama anga tupu. Fundi angekuwa anapanda bati kila wiki, na mechi ya Simba na Yanga mngeisikiliza redioni. Setilaiti hizi zimewekwa kwenye saa 23, dakika 56 na sekunde 4, kwa sababu setilaiti haijali jua liko wapi. Inajali dunia imegeuka kiasi gani.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza ushahidi kwamba dunia haijizungushi kwa saa 24, mwonyeshe dishi la jirani.

Bahari kama breki

Leo wataalamu wanapima mzunguko wa dunia kwa alama zilizo mbali kuliko nyota. Wanatumia kwasa, vyanzo vya mawimbi ya redio vilivyo mbali sana, hadi mabilioni ya miaka ya mwanga kutoka hapa. Darubini za redio kwenye mabara tofauti zinaitazama kwasa moja kwa wakati mmoja, halafu wanalinganisha mawimbi yamefika kila mahali lini. Barani kwetu kazi hiyo hufanyika Hartebeesthoek, Afrika Kusini, kwenye darubini yenye kipenyo cha mita 26. Vipimo hivyo hukusanywa na shirika la kimataifa linaloitwa IERS.

Walichokiona ni kwamba dunia yenyewe haishiki mwendo mmoja kikamilifu. Kwa muda mrefu inapunguza kasi, na sababu kubwa ni kupwa na kujaa kwa bahari. Mwezi unavuta maji, dunia inazunguka chini yake, maji yanasuguana na sakafu ya bahari, na msuguano huo unafanya kazi ya breki. Siku inarefuka kwa karibu milisekunde mbili kila miaka 100. Ni kidogo mno, ila miaka ni mingi. Mwaka 1963 mtafiti John Wells alihesabu michirizi ya ukuaji kwenye mabaki ya matumbawe ya kale, akaonyesha kwamba karibu miaka milioni 400 iliyopita mwaka ulikuwa na siku kama 400. Mwaka ulikuwa na urefu uleule. Siku ndizo zilikuwa fupi. Maji yanayoingia na kutoka pale Mlingotini, kijiji cha wavuvi cha kata hiyohiyo ya Zinga, ni sehemu ndogo ya breki hiyo.

Kwa kuwa saa za atomu hazichelewi pamoja na dunia, tangu mwaka 1972 zimeongezwa sekunde 27 kwenye saa za dunia nzima ili ziende pamoja na mzunguko. Ya mwisho iliingia kwa saa zetu ikikaribia saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2017, wengi wakiwa bado kwenye mkesha wa mwaka mpya. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana utaratibu huo usitishwe ifikapo mwaka 2035.

Tukifika darasani

Sisemi tuwafundishe wanafunzi kubishana na mtihani. Najua sapu inavyouma, na mtoto wa kidato cha nne hana hata hiyo sapu. Ninachosema ni kwamba sentensi ya kitabu inatengenezeka kwa maneno manne tu. Badala ya "dunia hujizungusha kwa saa 24", iwe "dunia hujizungusha kwa saa 24 kwa kulinganisha na jua". Anayeyaandika hayo hajakosa kitu kwenye mtihani, na akikutana na nyota zinazowahi hatakuwa na ugomvi nazo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya sentensi. Jiografia ya sekondari tunaifundisha kwa Kiingereza. Mambo ya kilimia, ya maji yanayochelewa, ya jua kupinduka, mtoto wa Zinga anayajua kwa Kiswahili, na kayapata nyumbani. Tukisoma kitabu tu, atadhani kuna ukweli wa shule na ukweli wa kina babu, na kwamba wa kina babu haufai kuandikwa. Kwa mada hii ni kinyume: cha nyumbani ndicho kilichofichua upungufu wa sentensi ya kitabu. Mwalimu asiyelijua hilo atamfuta mwanafunzi kwa kalamu nyekundu mahali alipostahili tiki.

Vifaa havihitajiki. Chomeka mti ulionyooka ardhini, weka alama kila baada ya dakika tano pale kivuli kinapoishia, kuanzia saa sita mchana hadi saa saba. Kivuli kifupi kuliko vyote kitakuambia jua lilifika juu saa ngapi hapo mlipo. Rudia kila wiki kwa muhula mzima, utaona saa hiyo inavyohama. Kwa walioko latitudo ya Zinga kuna zawadi ya ziada: karibu na tarehe 4 Machi na tarehe 9 Oktoba jua linapita utosini kabisa, na kwa muda mfupi mti hauna kivuli.

Usiku, chagua nyota moja na paa moja. Simama mahali palepale, andika saa ambayo nyota inapotelea nyuma ya paa. Fanya hivyo usiku wa kwanza na usiku wa nane. Utakuta tofauti ya karibu dakika 28. Gawanya kwa saba.

Na tarehe 1 Oktoba, saa tano na robo usiku, walioko pwani ya Bagamoyo watazame baharini, nyota tatu za mstari zitakuwa zinatoka. Walioko Dodoma waongeze kama dakika 13, Mwanza kama 24, Kigoma kama 37. Kwa nini waongeze? Digrii moja ni dakika nne. Ramani mnazo, pigeni hesabu.